Piga Msumari, Muhonja

Muhonja, mama yangu,

Naandika hapa mlangoni, kiti nimekiegemeza ukutani, na wewe uko Githurai 45 tangu asubuhi unasukwa nywele. Mama yako anasema hizo rasta haziishi kabla ya jua kuzama, kwa hivyo nina wakati. Nimeamua kuandika kwa sababu tangu juzi kila tukianza kuongea, wewe unapandisha sauti, mimi napandisha yangu, na mama yako anakimbia kufunga dirisha ili ploti nzima isisikie. Karatasi haina mdomo. Leo utanisikiliza hadi mwisho, upende usipende.

Mambo ya kuchemsha maji, neti ya mbu, jua la huko Lodwar unakoenda kazi na watu wa kukaa nao mbali, mama yako amekuambia, na kesho atakuambia tena ukiwa na mguu mmoja ndani ya basi. Hapo sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja tu, na ni lile ulilosema juzi mezani huku umeinua kijiko kama mwalimu.

Ulisema, "Baba, mimi kule naenda kazi tu. Sinunui kiti, sinunui pazia. Kagodoro kadogo, sufuria moja, kijiko kimoja. Likizo nitauza. Ni miaka mitatu tu, nikirudi ndiyo nianze maisha."

Nikakuuliza, hiyo miaka mitatu utakuwa wapi, kaburini? Ukacheka. Mama yako pia akacheka kidogo. Halafu ukaniangalia usoni ukasema, "Lakini Baba, si ni wewe ulinifundisha?"

Niliinuka nikaenda kuangalia kama lango limefungwa, na lango lilikuwa limefungwa. Niliporudi ulikuwa umeingia kulala bila kuniaga, na tangu hapo tunasalimiana kama watu wa ofisini. Neno lako lilinichoma, Muhonja, kwa sababu ni la kweli. Ni mimi niliyekufundisha. Basi kama ni mimi mwalimu, ni mimi mwenye haki ya kufuta ubao, na sitaomba ruhusa ya mtu.

Wewe ulizaliwa huku, kwa hivyo labda hujui jinsi sisi watu wa Maragoli tulivyokuja. Hakuna aliyekuja kuishi. Tulikuja kazi. Mtu akikuuliza, "Unatoka wapi?" ulikuwa unasema nyumbani ni Vihiga, hapa Ruiru ni kazini tu. Si kiwandani peke yake palipokuwa kazini. Chumba cha kulala kilikuwa kazini, kanisa lilikuwa kazini, hata Jumapili tukiota jua hapo nje tulikuwa kazini. Maisha yenyewe yalikuwa kule, yanatungoja, kama nguo ya Krismasi ndani ya sanduku.

Kwa hivyo sikupiga msumari. Unakumbuka? Ile picha yako ya kumaliza shule ya nasari, na joho la karatasi na kofia imekuangukia jicho, ilikaa chini ya kitanda ndani ya katoni miaka yako yote ya shule. Mama yako aliniambia, "Baba Muhonja, tutundike mtoto." Nikamwambia ukuta si wetu, na hata hivyo tunahama karibuni. Tulikuwa tunahama karibuni mpaka ukaingia chuo kikuu.

Na kila kitu kizuri kilipanda basi. Mama yako alinunua vikombe vile vyeupe vyenye maua ya samawati, akavikumbatia kutoka sokoni kama mtoto mchanga. Nikasema hivi haviwezi kukaa kwa chumba cha kupanga, vitavunjika bure, vipeleke nyumbani. Vikaenda. Blanketi nzito ilienda. Kabati ilienda juu ya lori la mtu wa kwetu. Godoro zuri lilienda, na nailoni yake, na sisi hapa tukalalia lile lililobonyea katikati, ambalo wewe ukilala na mama yako mlikuwa mnakutana kwenye shimo. Mama yako aliniuliza siku moja, "Hivyo vikombe vitanywewa na nani huko? Na panya?" Nilimwambia asinichezee. Kumbe alikuwa ananiambia ukweli mtupu.

Halafu kuna ile siku ya makaa. Ulikuwa mdogo, hujaanza shule. Ulichukua kipande cha makaa jikoni ukachora ukutani, watu watatu na kitu ambacho ulisema ni kuku wa Shosho Wairimu mwenye ploti. Nilikuchapa mkono. Nikakuambia, "Hii si nyumba yetu!" Hukulia kwanza. Uliuliza, "Yetu iko wapi?" Nikakuambia Maragoli. Ukafikiri kidogo, ukauliza, "Sasa mbona hatulalangi huko?"

Ndipo ukalia, lakini swali lilikuwa limeshaulizwa. Nilipangusa ukuta kwa kitambaa chenye maji, na lile doa jeusi lilibaki, na mpaka leo liko nyuma ya friji. Sitaki mtu alipake rangi.

Sasa nije kwa kazi yenyewe, maana najua unasema moyoni, "Baba anachukia kazi." Zii, kama mnavyosema. Niliipenda ile kazi kupita kiasi. Mtu wa boila katika kiwanda cha juisi pale Thika ni mtu. Nikisimamisha mvuke, kila kitu kinasimama, chupa zinasimama, mashine zinasimama, hata meneja anasimama mlangoni anauliza kwa adabu. Nilijua sauti ya boila hiyo kuliko sauti ya kaka zangu. Mtu akinidharau huko nje, nilikuwa najiambia, wewe endelea tu, hujui ni nani anayekupikia hiyo juisi.

Aliyenifundisha ni Mzee Kilonzo, Mkamba mfupi, maneno machache. Mtu wa zamu mpya akifika, Kilonzo alimpeleka mbele ya kile kioo kinachoonyesha maji ndani ya boila. "Maji haya. Moto huu. Mvuke huu. Umeona?" Yule akisema ameona, Kilonzo anamwambia, "Basi ni yako." Ananawa mikono, anavaa koti, anatoka. Hageuki nyuma. Siku moja wageni wakubwa walikuwa wanakuja kuangalia kiwanda, meneja akamwomba abaki ili mambo yasiharibike. Kilonzo akamwambia, "Boila ina mtu wake. Kule kwangu mtu wake ni mimi." Akaenda zake. Walimsema, ati ana kiburi, ati hana moyo wa kazi. Mimi pia nilimsema, tena kwa sauti ili meneja asikie.

Kwa sababu mimi ndiye niliyebaki. Mimi nilikuwa wa kubaki. Zamu imeisha, mtu wangu amefika, kioo kimeonekana, na mimi bado nazungukazunguka pale, nakaza nati ambayo haijalegea. Nilitaka waseme bila mimi hawawezi. Na walisema! Haki ya nani, walisema mpaka nikanona. Halafu nikirudi hapa mtaani Kiuu nilianguka kitandani kama gunia. Rafiki zako wote wa utoto, Njoki, Brayo, yule mtoto wa fundi viatu, hawakunijua uso. Walinijua miguu, ile iliyokuwa inatokeza kwa blanketi. Nilikusikia ukiwaambia, "Nyamazeni, Baba amelala," na nilikuwa sijalala bado. Nilikuwa nimefumba macho nasikia mkinong'ona, nikajiambia hawa nitacheza nao tukirudi nyumbani.

Nilipostaafu, nilimwonyesha kijana aliyechukua mahali pangu kile kioo. Maji haya, moto huu. Kesho yake, tukihamia Maragoli, tulipita Thika na pikapu ya mizigo, na king'ora cha kiwanda kikalia saa yake ile ile. Nilishusha kioo cha dirisha nisikilize vizuri. Hakikukosea hata kidogo. Mvuke ulikuwa unapanda juu mweupe, bila mimi, na ukiniuliza ulikuwa mzuri kuliko wangu.

Basi nikasema haidhuru, sasa ndiyo naenda kuanza maisha. Unakumbuka tulivyosindikizwa? Shosho Wairimu alilia, watu wa kanisa wakaimba mpaka barabarani. Wewe ulirudi chuo, hukuona tulivyofika. Niseme tu.

Niliifungua ile nyumba yangu ya Maragoli kwa ufunguo wangu. Kila kitu kilikuwa mahali pake, kimefunikwa vitambaa. Nikavuta nailoni ya godoro nimwonyeshe mama yako kwamba nilikuwa na akili. Wololo! Panya walikuwa wamefanya kijiji humo ndani. Walikuwa na vyumba, walikuwa na watoto, walikuwa wameishi maisha mazuri sana juu ya godoro langu. Mama yako alikaa chini akacheka hadi machozi, na sikujua kama ni ya kicheko. Alisema, "Angalau kuna mtu amelilalia."

Hilo la panya lisikusumbue, godoro ni godoro. Kilichoniumiza ni Jumapili. Tulienda kanisani, kanisa lile nililobatizwa, mahali mama yangu, ambaye wewe umebeba jina lake, alikuwa anapiga ngoma. Wakanishika mkono wakanikalisha mbele, kwa vile viti vya plastiki vyenye kitambaa. Mchungaji kijana akasimama akasema kwa furaha, "Leo tuna mgeni wetu kutoka Ruiru." Watu wakapiga makofi. Nikasimama nikapunga mkono. Mgeni! Maisha yangu yote nimekuwa Ruiru nangoja kurudi kwetu, na nimerudi kwetu, na mimi ni mgeni.

Na hawakukosea, mwanangu. Watu niliochunga nao ng'ombe wengine wamekufa, na walio hai wana marafiki zao, wana vikao vyao na mizaha ambayo mimi siijui mwanzo. Wakicheka, mimi nacheka nikiwa nimechelewa kidogo. Nikapika chai, nikatoa vile vikombe vya maua, nikavipanga mezani. Hakuna aliyekuja. Si kwa ubaya, walikuwa tu na mahali pao pa kunywa chai. Jioni nilikuwa nakaa nje nasikiliza, na unajua nilikuwa nasikiliza nini? Mkokoteni wa maji. Yule mtu wa Kiuu anayepiga mtungi kwa kijiti. Nilitamani mtu apite aniambie tu, "Sasa, Baba Muhonja."

Mahindi yalikuwa hayajabeba nilipomwambia mama yako tufunge mizigo. Hakuniuliza tunaenda wapi. Alikuwa ameshaanza kufunga.

Baba yako mkubwa Kisia alikuja mbio. Akaita na wazee wengine. Wakasema naaibisha ukoo, mtu anastaafu halafu anarudi kupanga chumba kama kijana anayetafuta kibarua. Kisia akanipiga na methali, akasema mwacha mila ni mtumwa. Nikamwambia, "Ndugu yangu, mila gani hiyo inayosema mtu aishi kwa kungoja? Nionyeshe nani aliianzisha nimwulize." Akasema, "Na ukifa huko?" Nikamwambia, "Nikifa mtanileta. Kaburi langu liko pale karibu na mama, halina miguu, halitoroki. Lakini mimi bado natembea, na ninaenda kuishi."

Hawajanisamehe. Mpaka leo kukiwa na matanga, nikifika tu, mtu atakohoa aseme, "Bwana Ruiru ameingia." Waseme. Midomo ni yao, maisha ni yangu, na sitayaishi tena kwa ratiba ya watu wa kukohoa.

Tulirudi na vikombe na blanketi. Vingine niliwaachia watu, na panya niliwaachia godoro lao. Shosho Wairimu alikuwa hajapangisha chumba chetu, sijui kwa nini, na yeye mwenyewe hakusema. Alituangalia tukishusha mizigo, akaweka mikono kiunoni. "Haiya! Baba Muhonja, umesahau nini?" Nikamwambia nimesahau kuishi hapa. Akatikisa kichwa, akaingia kwake, akatoka na jembe. Akasema, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe nimekungoja sana." Akanionyesha pale kando ya ukuta karibu na tangi, mahali palipokuwa pamejaa kokoto na mifuko, na akaniambia nikitaka mboga zetu zile za kienyeji nipande, yeye amechoka kuona sukuma wiki kila siku.

Ndiyo zile saga na mrenda ulizokula juzi huku ukinifundisha habari ya kijiko kimoja. Na siku ile ile tuliyorudi, kabla sijavua hata viatu, niliazima nyundo kwa fundi viatu nikapiga msumari ukutani. Ukuta ulitoa unga mweupe, mama yako akashika mdomo. Tukakutundika, na joho lako la karatasi. Sasa kila mtu akiingia anasema, "Huyu ni Muhonja?" na tunasema ndiye.

Ngoja kidogo. Mama yako amepita hapa na sufuria, amesoma juu ya bega langu, na anasema naandika kama mimi ndiye niliyegundua. Anasema niandike kwamba yeye aliniambia mambo haya tangu mwanzo na nikamwambia asinichezee. Nimeandika. Ameridhika, ameenda.

Sasa wewe. Usinione kama mjinga asiyejua dunia. Najua kazi hazipatikani, najua ulivyotembea na zile bahasha hadi viatu vikaisha. Najua pia kazi yako ni nzuri. Nilikuona ukimweleza Shosho jinsi maji yanavyotafutwa chini ya mawe, ukachora kisima kwa chai iliyomwagika mezani, na yule mama hajui hata Lodwar iko upande gani lakini alikuwa ameacha mdomo wazi. Nilijivuna siku ile mpaka nikaona haya. Watu watakunywa maji kwa sababu yako. Na ndiyo maana naogopa zaidi, Muhonja. Kazi mbaya utaichoka uikimbie. Kazi nzuri itakula maisha yako na wewe mwenyewe utakuwa umeishikia sahani.

Tayari inakula. Hujaripoti, hata kiatu chako hakijakanyaga Turkana, na bosi wako amekuweka kwa kikundi chao cha WhatsApp, na Jumapili iliyopita uliinuka katikati ya chakula mara ngapi ukajibu? Mama yako alikuwa amekuchinjia kuku. Nilikuuliza kuna nini cha dharura, ukasema, "Hakuna, Baba, nataka tu waone niko." Waone niko! Hayo ndiyo maneno yangu ya pale boila. Nati ambayo haijalegea ndiyo hiyo unakaza. Wataona uko, mwanangu, watakuzoea hivyo, na siku utakapotaka kuwa mahali pengine watakuuliza kwani umebadilika nini.

Sasa nakukataza, na nikikukataza si kwa upole. Likizo usiuze. Likizo ni siku zako ulizonyang'anywa ukarudishiwa, sasa unazirudisha tena dukani kwa nini? Zichukue zote. Njoo hapa ulale hadi saa nne tukugombeze, au nenda ukaone lile ziwa lao, au ukae tu. Wakikuambia wengine wanauza, waambie hao wengine wana baba zao.

Na ukimaliza siku yako, fanya kama Mzee Kilonzo. Fanya kazi vizuri kwanza, hapo sina mchezo, Kilonzo hakuwa mvivu hata dakika moja. Maji yaonekane kwa kioo. Halafu mwambie mwenzako, ni yako, unawe mikono, uende. Watasema una kiburi. Nilikuwa miongoni mwa waliosema, kwa hivyo nawajua vizuri. Wengi wao wanatamani kutoka na wanaogopa kuwa wa kwanza. Wewe kuwa wa kwanza.

Tafuta mtu kule ambaye hajui kisima ni nini na hajali. Mama wa chapati, watu wa kwaya, majirani wenye watoto wa kelele. Ujue majina ya watoto hao. Ujue nani hapo ploti ana mgonjwa. Mtu akikuuliza unakaa wapi, usimwambie, "Mimi niko hapa kwa kazi tu." Ukisema hivyo watakuamini, na watakuacha na kazi yako. Mwambie unakaa Lodwar. Uchungu wa nyumbani utakuja, na uje, hata mimi ninao, nina wa mahali pawili. Lakini usiutumie kama sababu ya kutofungua sanduku.

Na usiniambie ni miaka mitatu tu. Mimi pia nilikuja kwa muda tu, na miaka haikuniita kando kuniambia kwamba inapita. Labda mkataba utaongezwa. Labda kisima kitatoka na kingine kitahitajika. Labda utampenda mtu huko. Hiyo yote ni sawa, hata kama hutarudi kukaa karibu nasi tena, nitanuna kidogo halafu itapita. Lakini sitakubali ukae mahali bila kuishi hapo ati kwa sababu ulimwona baba yako akifanya hivyo. Hilo nakataa. Nimewakatalia wazee wa ukoo, nimemkatalia Kisia na methali zake, siwezi kushindwa na mtoto niliyembeba mgongoni.

Nasikia lango. Siyo wewe, ni Shosho na kuku wake. Ananiuliza naandika wasia? Nimemwambia ni zaidi ya wasia.

Basi nimalizie kabla hujafika, maana ukinikuta na karatasi utanicheka. Mchana huu mama yako alikuwa amevifunga vile vikombe vya maua kwa gazeti akupe, na wewe najua utavifungia chini ya kitanda kule, useme ni vya kuanzia maisha. Nikavifungua. Nikamwita mama yako, nikamwita Shosho Wairimu na fundi viatu na mtoto wake, tukavinywea chai vyote. Fundi viatu alimwaga kidogo. Kimoja nimekigonga kwa bomba la maji nikikiosha, kina pengo mdomoni, na nimekupakia hivyo hivyo. Ile blanketi nayo nimejifunika nikiota jua, ina harufu yangu, mama yako anasema ni harufu mbaya. Hakuna kitu kipya ndani ya mzigo wako, Muhonja. Nimehakikisha. Hakuna cha kutunziwa kesho.

Chini kabisa, kwa soksi nyeusi, kuna nyundo na misumari michache, na ile picha yako ya nasari nimeitoa ukutani nikaipakia kando yake. Msumari wetu hapa uko wazi sasa, unangoja utuletee picha ya Lodwar. Ukifika, kabla hujafungua kompyuta, kabla hujawajibu wale wa kikundi, chagua ukuta unaopigwa na jua la asubuhi, upige.

Mwenye nyumba akija juu kukuuliza ni nani amekuruhusu kutoboa ukuta wake, mwambie ni mimi.

Baba yako